Mwili usiotajwa: maandishi ya uchokozi na wanawake wa Kivu wanaojifunza kujikubali

KILIBULA, UVIRA – Mtoto wa miaka minne hapa Kilibula anajua kutaja jicho, sikio, goti na kisigino. Mama anamfundisha wakati wa kumwogesha, huku akimgusa kiungo kimoja baada ya kingine. Somo likifika chini ya kitovu linakatika. Mtoto wa kike anaambiwa ajifunike haraka, na jina la mahali pale halitajwi.

Akikua atakutana na majina kadhaa, na kila moja lina kasoro yake. "Sehemu za siri" ni jina linaloamuru kunyamaza kabla mtu hajasema lolote. "Utupu" ni uchi, na pia ni hali ya kutokuwa na kitu ndani. "Pale chini" ni kama kumwelekeza mgeni njia. "Uke" ni neno la muuguzi na la mtangazaji wa redio, halitoki kinywani mwa mama jikoni. Halafu kuna neno la herufi nne ambalo halichapwi katika ukurasa huu, ingawa kila mtu aliyepita bandarini Kalundu siku watu wawili wanagombana amelisikia. Jina ambalo watu wote wanalijua, wakubwa kwa wadogo, ndilo linalotumika kumtukania mtu mama yake.

Kimya hicho kina gharama. Fistula ni tundu linalotokea kati ya uke na kibofu cha mkojo, au kati ya uke na njia ya haja kubwa. Hutokana na uchungu wa kuzaa uliodumu siku nyingi bila upasuaji, au na ubakaji wa kikatili, na katika mashariki ya Kongo sababu zote mbili zimewapata wanawake wengi. Mkojo au kinyesi hutiririka bila kuzuilika. Harufu humtangulia mwanamke kanisani na sokoni, mume humrudisha kwao, na wenzake humwachia nafasi kwenye benchi. Tundu lenyewe mara nyingi hushonwa na daktari likapona. Lakini ili lishonwe, mwanamke lazima kwanza amwambie mtu ni wapi panapovuja. Mwenye neno "tumbo" peke yake anaweza kupewa dawa za minyoo na kurudishwa nyumbani.

Ndiyo maana habari ya maandishi ya uchokozi kuhusu mwili, ambayo wengi wangeiona kuwa mchezo wa wazungu wa New York, ina njia yake ya kufika hadi jimbo la Kivu Kusini.

Tamthilia yenye jina lisilotamkika

Mwaka 1996 mwandishi Mmarekani Eve Ensler alipanda jukwaani katika ukumbi mdogo wa New York akasoma peke yake maandishi aliyoyapa jina ambalo huku tunalijua zaidi kwa Kifaransa: "Les Monologues du vagin". Alikuwa amezungumza na wanawake zaidi ya 200, vijana kwa wazee, wa dini na rangi mbalimbali, akiwauliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuwauliza. Je, umewahi kupaangalia? Unapaitaje? Ulipovunja ungo nani alikuambia nini? Majibu yao aliyageuza kuwa masimulizi ya kuigizwa, mengine ya kuchekesha, mengine ya kuogofya, likiwemo simulizi kuhusu wanawake waliobakwa katika vita vya Bosnia.

Uchokozi wake ulianza kwenye jina. Magazeti na redio kadhaa vilisita kulitaja, na watu walikata tiketi wakinong'ona. Ensler alilirudia neno hilo jukwaani mara nyingi, na kurudia huko ndiko kulikofanya kazi. Mara ya kwanza ukumbi hushtuka, mara ya kumi watu hucheka kwa haya, mara ya hamsini neno limechoka kutisha na linabaki kuwa jina la kiungo. Ni sawa na mtoto anayeogopa kinyago hadi akishike mwenyewe na kukigeuza nyuma.

Ndani ya masimulizi hayo wamo wanawake watu wazima, wake na bibi, ambao hawakuwahi kuuangalia mwili wao tangu kuzaliwa. Mmoja ameishi na aibu ya jambo dogo lililomtokea ujanani akiwa na mvulana, akafunga mlango wa mapenzi maisha yake yote. Akiisha kulisema mbele ya mtu, jambo lile linarudi kwenye ukubwa wake halisi. Msomaji au mtazamaji anayebeba aibu kama hiyo anagundua kuwa si yeye peke yake. Sidhani kama kuna njia nyingine ambayo maandishi humsaidia mtu kujikubali. Hotuba ya kumwambia mwanamke ajipende haimfikii, kwa sababu aliyoyaficha bado yamefichwa. Maandishi yanayoyataja yale yale yaliyofichwa, kwa sauti ya mwingine, humpunguzia mzigo hata kabla hajafungua kinywa chake.

Kutoka katika tamthilia hiyo lilizaliwa mwaka 1998 vuguvugu la V-Day, lililoamua kwamba kila mwezi wa Februari wanawake popote duniani wanaweza kuigiza maandishi hayo bila kulipia haki, mradi fedha za kiingilio ziende kwa wanaopambana na ukatili dhidi ya wanawake. Tangu hapo imechezwa katika nchi zaidi ya 100.

Kampala walipoizuia

Uganda haikuwa mojawapo ya nchi hizo kirahisi. Februari 2005 makundi ya wanawake yalipanga kuiigiza jijini Kampala, na sehemu ya mapato ilikusudiwa kuwasaidia wanawake wa kaskazini mwa nchi walioumizwa na vita vya waasi wa LRA. Baraza la Vyombo vya Habari la serikali likaamua isionyeshwe mpaka yaondolewe yale yaliyoonekana kuwa machafu. Waandaaji walikataa kuikatakata, onyesho likafutwa.

Tazama mpangilio wa mambo. Kaskazini mwa Uganda, wasichana walikuwa wakitekwa na kugawiwa kwa makamanda kama wake. Kilichowakera wakubwa mjini kiasi cha kuandika amri ni wanawake waliotaka kukitaja kwa jina kiungo ambacho vita vilikuwa vinakishambulia. Wapo waliolitetea katazo kwa nia njema, wakisema mila zetu zina staha na mambo ya chumbani yana mahali pake. Hoja hiyo haistahili kudharauliwa, na nitairudia baadaye. Ila staha ambayo humlinda mnyanyasaji asitajwe na kumwachia aliyenyanyaswa aibu yote ina kazi nyingine kabisa.

Njia ya Lemera

Kwa wakazi wa Uvira, upande wa pili wa habari hii unaanzia karibu. Panda kutoka bonde la Ruzizi kuelekea milimani utafika Lemera, ambako misheni ya Wapentekoste kutoka Sweden ilijenga hospitali. Huko ndiko Daktari Denis Mukwege, mzaliwa wa Bukavu, alikoanza kazi akiwa kijana katika miaka ya 1980. Aliona wanawake wakiletwa migongoni na kwenye machela wakitokwa damu ya uzazi, akaenda Ufaransa, mjini Angers, kusomea magonjwa ya wanawake, kisha akarudi Lemera. Tarehe 6 Oktoba 1996, mwanzoni mwa vita, hospitali hiyo ilishambuliwa, na wagonjwa na wauguzi wakauawa.

Mwaka 1999 Mukwege alianzisha hospitali ya Panzi, Bukavu, akikusudia iwe ya wazazi. Amesimulia mara nyingi kwamba mgonjwa wa kwanza kufanyiwa upasuaji hapo hakuwa mzazi. Alikuwa mwanamke aliyebakwa na kisha kupigwa risasi. Tangu hapo Panzi imetibu makumi ya maelfu ya wanawake, na mwaka 2018 daktari huyo akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad, Myazidi kutoka Iraq.

Ensler alifika Panzi mwaka 2007. Mwandishi aliyekuwa amejenga jina kwa kutamka neno moja alijikuta miongoni mwa wanawake ambao kwao neno hilo halikuwa suala la haya za jukwaani. Miili yao ilikuwa imegeuzwa uwanja wa vita. Aliwauliza wanataka nini, na jibu lao halikuwa tamthilia. Walitaka mahali pa kukaa baada ya kutoka hospitali, kwa sababu upasuaji hushona tundu, haushoni mtu. Mwanamke aliyepona alikuwa anarudishwa kijiji kile kile, kwa majirani wale wale wanaomwita "aliyeharibiwa".

Kitenzi hicho nacho kitazame. Kwa Kiswahili mimba huharibika, gari huharibika, nyanya huharibika juani. Mwanamke akiambiwa ameharibiwa, anaambiwa kwamba thamani yake ilikuwa ndani ya kitu kimoja na kitu hicho sasa hakifai. Hakuna anayesema mwizi aliyempora mtu simu amemharibu mtu yule.

Jumba lililotokana na maombi yao, Cité de la Joie, lilifunguliwa Bukavu tarehe 4 Februari 2011, likiongozwa na Christine Schuler Deschryver, mzaliwa wa mji huo. Kila kundi ni la wanawake vijana wasiozidi 90, wanaoishi pamoja kwa miezi sita bila malipo. Wanajifunza kusoma na kuandika, sheria, kilimo, kompyuta na kujihami. Wanacheza ngoma, wanaigiza, wanakaa vikundi na kusimulia yaliyowapata. Elimu ya mwili ni sehemu ya ratiba: jinsi ulivyo, jinsi unavyofanya kazi, na viungo kuitwa majina yake. Wanaitwa wanafunzi na wahitimu. Neno mwathirika linabaki nje ya lango. Zaidi ya 1,000 wamekwishapita hapo.

Ni rahisi kuona uhusiano kati ya ukumbi wa New York na darasa hilo la Bukavu, ingawa maisha ya watu wake hayafanani kwa lolote. Mwanamke anapata neno. Analitumia kusimulia, mwanzoni kwa kunong'ona. Anawasikia wengine wakisimulia yanayofanana na yake. Baada ya wiki kadhaa anasimulia bila kuinamisha kichwa, na kinachomtia aibu sasa ni kitendo cha yule aliyemtenda. Mwili wake unarudi kuwa wake. Haya yanaonekana pia katika filamu ya Madeleine Gavin kuhusu jumba hilo, ambamo wanawake wenyewe wanacheka zaidi ya vile mtazamaji angetazamia.

Ensler mwenyewe alipata somo ambalo hakuliomba. Mwaka 2010, ujenzi ukiendelea, aligunduliwa kuwa na saratani ya kizazi. Alitolewa kizazi na viungo vingine. Katika kitabu alichokiandika baadaye, "In the Body of the World" cha mwaka 2013, anasema ugonjwa ulikuwa umemfanyia ndani yale yale ambayo ubakaji uliwafanyia wanawake wa Kongo, na kwamba upasuaji aliofanyiwa ulikuwa sawa na wa wengi wao. Kitabu hicho ni kigumu kusoma wakati wa chakula. Anaandika juu ya mifuko ya kinyesi, usaha, nywele kukatika, na kichefuchefu. Lakini ni ndani ya kurasa hizo ndipo anapokiri kwamba maisha yake yote, hata alipokuwa akihubiri kuhusu mwili wa mwanamke, aliishi nje ya mwili wake mwenyewe, kwa kuwa baba yake alimnajisi utotoni. Mwaka 2019, baada ya kuandika kitabu kingine katika sauti ya baba huyo akiomba msamaha ambao hakuwahi kuuomba akiwa hai, aliacha jina la ukoo na sasa anaitwa V tu.

Baraka, Februari ile ile

Mwezi uleule wa Februari 2011 ambao jumba la Bukavu lilifunguliwa, kusini mwa Uvira kando ya ziwa kulikuwa na tukio jingine ambalo kwa maoni yangu lina uzito zaidi. Mahakama ya kijeshi ya kuhamahama ilikaa Baraka kusikiliza kesi ya wanajeshi walioubaka mji wa Fizi usiku wa Mwaka Mpya. Makumi ya wanawake walitoa ushahidi. Luteni Kanali Kibibi Mutware alihukumiwa miaka 20 jela kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, na maafisa wenzake nao wakapewa vifungo.

Sheria ya Kongo ya tarehe 20 Julai 2006 kuhusu ukatili wa kingono, ambayo ilipanua maana ya ubakaji, imeandikwa kwa lugha isiyozunguka. Inataja viungo, inataja kuingiza, inataja hata kwa juu juu. Wabunge waliipitisha bila kuiita matusi, kwa sababu hakuna njia nyingine ya kuandika kosa hilo likaeleweka. Shahidi naye hawezi kumwambia jaji kwamba alitendewa "mambo yale". Anayeweza kutaja mwili wake bila kuzimia kwa aibu ni shahidi bora kuliko asiyeweza. Hapo kujikubali kunaacha kuwa jambo la moyoni na kuwa jambo la faili la mahakama.

Wahenga walikuwa na chumba

Sasa turudi kwenye hoja ya staha. Wanaosema mila zetu hazikutaja mwili hawazijui mila zote. Pwani ya Waswahili, unyago ulikuwa na ngoma zake na nyimbo zake, na hakuna kiungo wala tendo lililoachwa bila jina. Kungwi alimfundisha mwari mwili wake wote, kwa mafumbo na wakati mwingine bila fumbo lolote, na kicheko kilikuwa sehemu ya somo. Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013, alijulikana duniani kwa taarabu, lakini nyumbani aliheshimiwa pia kama mwalimu wa unyago.

Hata ukatili uliimbwa. Siti binti Saad, ambaye wapinzani walimdhihaki kwa asili yake na kwa sura yake, aliimba wimbo wa "Kijiti", kuhusu mwanamume aliyembaka na kumuua mwanamke mgeni akatorokea bara, huku wanawake waliokuwa pamoja na marehemu ndio wakiadhibiwa na mahakama. Hiyo ni karibu miaka 100 iliyopita, kwa Kiswahili, hadharani.

Tofauti ni kwamba unyago ulikuwa na chumba. Mlango ulifungwa, wanaume walikaa mbali, na yaliyosemwa ndani hayakutoka. Wanaotetea staha wana haki kukumbusha hilo. Tatizo ni kwamba huku kwetu vita na miji vimevunja chumba, na hakuna aliyejenga kingine. Msichana wa Kilibula ambaye shangazi yake yuko kambini Burundi na bibi yake alibaki milimani atafundishwa na nani? Simu itamfundisha, na simu ina picha nyingi za mwili na hakuna hata moja inayofanana na wake.

Hapo tunaingia katika aibu ndogo, za kila siku, ambazo nazo zina maandishi yake. Mwaka 2004 Ensler alitoa "The Good Body", kitabu kizima kuhusu kulichukia kwake tumbo lake, lenye mafuta kidogo baada ya miaka 40. Msomaji wa Uvira anaweza kucheka. Hapa tumbo la mama aliyezaa ni ishara ya nyumba yenye chakula, na mwanamke akikonda majirani huuliza kama anaumwa. Katika kitabu hicho mwandishi mwenyewe amempa nafasi mwanamke mzee wa Kimaasai, anayeupenda mwili wake na kumshangaa mgeni anayepigana na tumbo. Lakini tusicheke sana. Hapa pia mkorogo unauzwa sokoni mchana kweupe, na wapo wanaotoka nyumbani na uso wa rangi moja na vifundo vya vidole vya rangi nyingine. Tumbo tumelisamehe, ngozi bado.

Nyanzi na uchokozi wa aina nyingine

Katika ukanda wetu, anayetajwa zaidi likija suala la kuandika mwili kwa uchokozi ni Stella Nyanzi wa Uganda, msomi mwenye shahada ya uzamivu aliyefundisha na kufanya utafiti Makerere. Mwaka 2017, baada ya Waziri wa Elimu Janet Museveni kueleza kuwa hakuna fedha za taulo za hedhi zilizoahidiwa wasichana wa shule wakati wa kampeni, Nyanzi alianza kuzichangisha mwenyewe na kuzigawa shuleni. Wakati huohuo alimwandika Rais Yoweri Museveni kwa kumfananisha na makalio, na kwa maneno hayo alilala gerezani Luzira zaidi ya mwezi mmoja. Mwaka 2018 akaandika shairi lililomtaja marehemu mama wa rais na njia aliyomzalia. Agosti 2019 alihukumiwa miezi 18. Mahakama Kuu ilifuta hukumu hiyo Februari 2020, mwezi uleule ambao mashairi aliyoyaandika gerezani yalichapishwa kwa jina "No Roses from My Mouth". Baadaye alikimbilia Kenya, kisha Ujerumani.

Je, maandishi kama hayo humsaidia mwanamke kujikubali? Nadhani yanagawanyika. Alipoandika juu ya hedhi, damu, matiti na kuharibika kwa mimba, Nyanzi aliwapa wasichana lugha ya mambo ambayo hufichwa hata kati ya mama na binti, na taulo mikononi juu yake. Alipomtukana mtu kwa kutaja njia ya uzazi ya mama yake, alitumia silaha ya bandarini Kalundu, ile ile inayotufanya tushindwe kulitaja neno bila kuona tusi. Watetezi wake watasema alilenga utawala, na wataeleza kwamba Buganda ina historia ndefu ya ukali wa maneno dhidi ya wenye nguvu tangu enzi za mkoloni. Nakubali, na hakupaswa kufungwa. Lakini msichana anayejifunza jina la mwili wake hapati faida kubwa likija kwake kama jiwe la kumtupia rais.

Wapo pia wanaomlaumu Ensler. Husema mwanamke mweupe amejipatia umaarufu kwa mateso ya wengine, na kwamba kumfanya mwanamke azungumze kupitia kiungo kimoja ni kumpunguza hadi kiungo hicho. Lawama ya kwanza inapungua ukitazama nani anayeendesha jumba la Bukavu kila siku. Ya pili ni ngumu zaidi, hasa hapa, ambako waliobaka walifanya hivyo hasa: walimpunguza mwanamke hadi kiungo. Kumponya kwa kukirudia kiungo hicho kunaweza kuonekana kichekesho.

Jibu bora ninalolijua limetoka Narok, Kenya. Agnes Pareyio, ambaye leo ni mbunge wa Narok Kaskazini, alikuwa akitembea kwa miguu kijiji hadi kijiji cha Wamaasai akibeba kifani cha mbao cha maungo ya mwanamke, chenye vipande vinavyotoka na kurudi. Aliwaonyesha mama na wasichana mwili ulivyo mzima, kisha akatoa kipande kueleza ukeketaji unaondoa nini. Ensler alikutana naye, na V-Day ikampatia gari, kisha ikasaidia kujenga nyumba ya kuwahifadhi wasichana wanaokimbia kisu, iliyofunguliwa mwaka 2002. Pareyio hakumpunguza mtu. Alikitaja kiungo ili kionekane ni sehemu ya mwili, pamoja na vingine.

Kiswahili nacho kina ushahidi wake. Mfasiri atakayetaka kukiweka kitabu cha Ensler mikononi mwa wasomaji wa Uvira atakwama kwenye jalada, kabla ya ukurasa wa kwanza. "Masimulizi ya Sehemu za Siri" yatakuwa yameshindwa kabla ya kuanza. Neno la bandarini litawafukuza wanunuzi. Litabaki "uke", neno kavu la zahanati. Fungua kamusi utakuta lina maana mbili zilizokaa pamoja: kiungo cha uzazi cha mwanamke, na hali nzima ya kuwa mwanamke.